Nyekundu Yangu, Miwani Yake

Programu ninazoandika hazina picha wala vitufe. Ni skrini nyeusi. Unaandika amri, inakujibu kwa mistari ya maandishi. Pambo lake pekee ni rangi, na mimi rangi nilizichezea.

Duka moja la dawa za mifugo pale Bombambili lilinipa kazi ya kuandika programu mbili. Ya kwanza ilikagua stoo, na dawa iliyopitwa na muda ilitoka kwa nyekundu. Ya pili ilipima baridi ya friji ya chanjo za kuku. Hiyo niliiandika wiki ambayo timu yangu, inayovaa nyekundu, ilikuwa imewafunga watani wetu wa kijani. Kwa ujuaji wangu nikapanga hivi: baridi ikiwa sawa, nyekundu, joto likipanda, kijani. Nikacheka peke yangu.

Muuzaji, mama wa makamo aliyekaa dukani hapo miaka mingi bila doa, aliniuliza, "Mwanangu, kule nyekundu ni ubaya. Huku tena ni heri?"

"Utazoea, mama. Usihangaike na namba, fuata rangi. Na friji usiifungue ovyo, baridi inatoka."

Friji ikafa Jumanne. Siku tatu skrini ikamwonyesha kijani. Akasahau heri yangu ni ipi, akafuata rangi kama watu wote wanavyoijua, na friji akaiacha imefungwa kama nilivyomfundisha. Ijumaa mteja akataka chanjo ya kideri. Bosi, mwenye duka, akaingiza mkono, akakuta vuguvugu. Chanjo zote zimeharibika.

Nilipigiwa simu nikiwa kwangu Lizaboni. Bodaboda iliponishusha, bosi alikuwa nje anamfokea fundi wa friji kwenye simu, na mama alikuwa kaunta akimwomba radhi mteja. Nikafungua programu, nikabadilisha nafasi za maneno mawili, nyekundu na kijani, nikaifunga. Haikufika dakika.

Bosi alipoingia akataka kuona. Mstari ukatoka mwekundu.

"Mama, nyekundu yote hii, siku tatu hukuiona?"

Akainama mpaka pua ikakaribia skrini. "Mimi niliona kijani, bosi. Kijani kabisa."

Wote wawili wakanigeukia. Nikasema, "Labda ni macho, mama. Umri nao."

Mteja akacheka. Mama alijifuta macho kwa pembe ya kitenge, na mimi nikajifanya nakunja waya.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mbona haikatiki? Naona aibu hadi leo, na aibu hiyo haijawahi kunipa ujasiri wa kusema.

Wiki mbili baadaye nilirudi kukagua programu. Nikamwamkia shikamoo. Mama alikuwa amevaa miwani ya machinga, mikubwa, imefungwa kamba shingoni.

"Marahaba, mwanangu. Na asante kwa kuniambia ukweli mapema," alisema, akinionyesha skrini kwa furaha. "Tangu nivae hii, rangi zote naziona sawasawa."

Nikamjibu, "Karibu, mama."