Hatua Tatu Kutoka Alipo Mama

Jumamosi, tarehe 11 Agosti 1951, Eliwaza Zebedayo wa Kighare alipiga picha ya kwanza maishani mwake. Filamu ilikuwa imebakiza picha moja.

Kamera ilikuwa ya mumewe, Tumainieli, aliyerudi nayo kutoka vitani: kisanduku cheusi chenye jicho moja, kisichotaka ufundi. Unakishika tumboni, unainamia kioo kidogo cha juu, unabonyeza. Kighare nzima ilimwita kwenye harusi na ubatizo. Lakini picha ya asubuhi ile hakuweza kuipiga yeye. Aliyekaa uani alikuwa Zipora, mama yake Eliwaza; kwa desturi mtu na mama mkwe wake huoneana aibu, na tangu aoe hawakuwahi kutazamana usoni.

Zipora alikuwa na uvimbe tumboni. Wabebaji walikwisha kufika na machela wamteremshe hadi barabarani, apelekwe hospitali Moshi. Baba yake Eliwaza alikufa bila kupigwa picha, na wadogo zake walikua wakimwuliza dada yao baba alifananaje. Eliwaza hakutaka kuulizwa hivyo mara ya pili.

Basi Tumainieli alisimama nyuma ya nyumba, akamfundisha mkewe kwa sauti.

“Jua liko mgongoni kwako, Mama Raheli?”

“Liko.”

“Simama hatua tatu kutoka alipo. Zikipungua, sura inavurugika.”

“Mkwe wangu anaongea na migomba?” Zipora aliuliza. Wabebaji wakacheka.

“Anaongea na mimi, mama. Tulia.”

“Nitulie vipi na sikuoni? Jua lote liko machoni mwangu. Uko wapi?”

“Niko hapa.”

“Hapa wapi? Sogea, mwanangu.”

Eliwaza alisogea hatua moja. Ndani ya kioo uso wa mama ulikuwa mdogo kama punje ya hindi, nao ulikuwa ukimtafuta. Zipora alinyoosha mkono, akapapasa hewa. Eliwaza akasogea tena, mpaka vidole vikashika khanga yake, na hapo uso ukatulia.

“Hatua ngapi?” sauti ikauliza nyuma ya nyumba.

“Tatu,” Eliwaza akajibu, akabonyeza.

Picha zilirudi kutoka kwa fundi wa Moshi baada ya wiki mbili. Zile za harusi ya Shighatini zilikuwa safi. Ya mwisho ilionyesha mgomba nyuma ya Zipora, kila jani na mpasuko wake. Zipora mwenyewe alikuwa ukungu uliofungwa kitambaa kichwani. Tumainieli aliitazama bila aibu, kwa kuwa hapakuwa na uso wa kuonea aibu.

“Ulikuwa wapi ulipobonyeza?”

“Alikuwa ananitafuta, Baba Raheli.”

“Nimekuuliza ulikuwa wapi.”

“Alikuwa ameshanishika nguo.”

Hakumgombeza. Aliyeleta picha alileta na habari nyingine: Zipora atapasuliwa Ijumaa, na daktari hakuahidi kitu. Tumainieli alitoa filamu yake ya akiba, akaipachika, akaizungusha mpaka namba moja ikatokea kwenye kidirisha chekundu cha nyuma.

“Wodini haipigi, kuna giza. Lazima atolewe nje,” alisema. “Na safari hii mwache akutafute.”

Alhamisi Eliwaza aliteremka Moshi, kamera ikiwa ndani ya kikapu, kwenda kuwaomba wauguzi wamtoe mama yake nje, penye jua.