Chuku ya Bibi

Nilipokuwa mtoto pale mtaani Mowlem, kulikuwa na mlango mmoja ambao watoto wa ploti hawakuupita bila kutimua mbio, na mlango huo ulikuwa wetu. Ndani alikaa bibi yangu, Bi Zena, na pembe yake ya ng'ombe. Alikuwa akipiga chuku: anachanja mgongo kidogo, anabandika pembe, anafyonza hewa kwenye ncha, anaiziba kwa nta, na damu mbaya inatoka. Watoto waliapa kwamba ndani ya pembe mlikuwa na jini anayelishwa damu hiyo. Mimi nililala chumba kimoja na jini huyo, na hakuwahi hata kupiga chafya.

Kilichoniuma ni lile neno lenyewe. Mnakijua Kiswahili chetu: kupiga chuku ni tiba, na ni kutia chumvi maneno pia. Nikifika madrasa tu, naimbiwa: "Oyaa, shosho yako anapiga chuku!" Nilirusha ngumi nyingi kwa ajili ya neno hilo, na baadhi zilifika.

Watu wazima walikuwa wabaya zaidi. Mama Swabra, mwenyekiti wa chama cha kina mama msikitini, alisema chuku ni ushirikina wa washamba, na akataka Bibi atolewe chamani. Chama chenyewe Bibi ndiye aliyekianzisha, sebuleni kwetu. Kwa mjane asiye na mwingine ila mimi, kile ndicho kilichokuwa ukoo.

Nililia kwa hasira, maana niliwajua wanaokuja kwetu kupigwa chuku. Mama Wanjala tu, jirani yetu Mkristo kutoka Bungoma, ndiye aliyeingia kwa mlango wa mbele, tena akiimba. Wale wa msikitini walibisha mlango wa uani baada ya magharibi, wembe mpya umefichwa ndani ya buibui.

"Bibi, si uwataje?"

Aliendelea kuchambua mchele. "Siri ya mgonjwa ni amana, mama. Mimi sitasema. Migongo itasema."

Siku ya mkutano wa kumtoa, Mama Swabra alialika tabibu wa hijama kutoka Eastleigh, binti mwenye miwani na vikombe vya plastiki, atuonyeshe kwanza tiba halisi ya Sunna. Pazia likatungikwa kwenye ukumbi wa madrasa. Mama Swabra akaingia wa kwanza, kifua mbele.

"Mashallah, mama, umeshafanya hijama," tukamsikia tabibu.

"Mimi? Wallahi sijawahi!"

Akaingia wa pili, akaapa vilevile. Wa tatu naye. Mwishowe tabibu akatoka nje ya pazia, ameshangaa.

"Kina mama, samahanini. Kila mgongo hapa una chale tatu fupi na ya nne imelala. Mkono ni mmoja, tena mkono safi. Fundi huyu ni nani, nikamwamkie?"

Kisha shingo zikaanza kugeuka, moja baada ya nyingine, kuelekea nyuma tulikokaa. Bibi akatengeneza leso yake.

"Ni mimi, mwanangu. Sisi tunaita chuku."

Binti yule alikuja mpaka kwetu, akainama. "Shikamoo, Bibi. Chuku ndiyo hijama. Mmetutangulia."

Mama Swabra alikuwa bado amesimama penye pazia, buibui begani, uso umemshuka. "Bi Zena, nisamehe," akasema. "Lakini huu mgongo nao, mmbea!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, vigelegele vikafuata, na habari ya kumtoa mtu ikafia hapo. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwaka. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Siku hizi, kuanzia Mowlem hadi Donholm, mabango ya hijama yamejaa, na watu wanaingia mchana kweupe. Mimi nikiugua naanzia hospitali, kama Bibi mwenyewe alivyomeza vidonge vyake vya presha bila kukosa. Ila naona watu wetu waliitaka pembe ile siku zote. Walikuwa wakingoja jina la kuwasitiri tu. Wanaponiuliza kama nimewahi kufanya hijama, najibu nimepigwa chuku. Wakicheka, nawaongezea: bibi yangu alipiga chuku maisha yake yote, na uongo hakuwahi kusema.