Paa la Babu Maw Keh

Naw Wah Nay alitaka udaktari. Alimaliza shule katika kambi yetu ya wakimbizi akiwa wa kwanza, kisha akaambiwa cheti chake hakitambuliwi na chuo chochote nje ya uzio. Akanuna msimu mzima wa mvua, mpaka mama yake akamuuliza, "Kununa nako ni kazi? Nani anakulipa?" Ndipo akaingia mafunzo ya umeme wa jua, shingo upande. Ila mkono ukishazoea chombo, moyo hufuata. Mwisho wa kozi hakutaka tena kazi nyingine.

Siku ya mtihani kila mwanafunzi alipewa nyumba ya kufungia paneli. Asiyefunga mwenyewe, hapiti. Wah Nay alipangiwa kwa Babu Maw Keh, mzee asiyepita hata chini ya kamba iliyoanikwa sketi. Kama wazee wetu wengi wa Kikareni, aliamini mwanamke au nguo yake ikiwa juu ya kichwa cha mwanamume humwondolea nguvu.

Babu alikuwa amekaa katikati ya sakafu ya mianzi. "Mwanamke hasimami juu ya kichwa changu."

"Babu, paka wako jike analala huko juu kila siku."

"Paka havai sketi."

"Na mimi leo nimevaa suruali."

"Suruali haijakugeuza, mjukuu."

Saw Doh Say, mwanafunzi mwenzake aliyemsaidia kubeba paneli, akanong'ona, "Lete bisibisi, nipande mimi. Mwalimu yuko mbali, atajuaje?"

"Nikipita kwa miguu yako, kesho nitapanda paa la nani?"

Hakumtukana mzee, maana mila haijibiwi kwa matusi. Alimwambia, "Babu, taa unaitaka. Juu ya kichwa chako sisimami. Basi kiondoe."

"Nifukuzwe kwangu?"

"Nenda kwa jirani ukatafune tambuu. Nikishuka nitakuita."

Bibi, mke wa mzee, akacheka jikoni. "Nenda, bwana! Kila jioni unatafuna miiba ya samaki kwa kutoona."

Mzee akashuka ngazi, akinung'unika kwamba kambi imeharibu watoto. Kambi haijamharibu anayekataa cheti cha uongo.

Mwalimu alipofika, Wah Nay alikuwa juu anakaza skrubu ya mwisho. Mwalimu naye ni Mkareni. Alisimama uani, mbali na paa.

"Waya mwekundu?"

"Kwenye chanya, Mwalimu."

"Bibi, washa."

Taa ikawaka mchana kweupe.

"Umepita," mwalimu akasema. "Sasa shuka, niingie ndani nikague."