Shetani na chupa ya vinegre

Bandugu, muniombee. Mama mukwe wangu iko anafukuza shetani na vinegre yangu.

Alifika jana toka Mudaka na maji ya baraka mu chupa ya plastiki. Akaiweka mu jikoni, pembeni ya chupa yangu ya vinegre, ile siki nasafishiaka vioo na choo.

Chupa zinafanana kabisa!

Sasa ananyunyiza mu saloni ya nyumba. Harufu kali inapanda.

« Munasikia? Shetani iko anatoka! »

Bwana yangu ananiangalia. Anajua ile harufu.

Nicheke ao nilie?

Kisha nikawaza. Kama vinegre iko mu mukono yake, asubui miye nilisugua choo na nini?

Akanigeukia. « Mutoto yangu, fungua choo. Shetani anapendaka kujificha kule. »

Nikasimama mbele ya mulango ya choo.

« Mama, kule kulishabarikiwa. »