Pipa la Maji ya Macho

Watu wakiniambia ile ilikuwa ajali, natamani kuwatoa nje ya nyumba yangu. Ajali ni mti kukuangukia njiani. Ya kwetu tuliitengeneza wenyewe, na mimi nilishiriki kwa mikono hii miwili.

Katika maabara ya chuo, pale Kolwezi, tulikuwa tunayeyusha mawe ya shaba kwa asidi ili kupima madini yake. Kampuni ya madini ilikuwa imeanguka, na chuo kikaanguka nayo. Feni ya kuvuta mvuke ilikufa, miwani ya kukinga macho ikabaki miwili kwa wanafunzi kumi na mmoja, bomba likawa linatoa hewa tu. Fundi wa maabara, mzee mkali kutoka mkoa wa Kasai, hakumngoja mtu. Kila asubuhi alichota maji kisimani, ndoo kwa ndoo, akajaza pipa karibu na mlango. Ubavuni aliandika kwa rangi nyekundu: MAJI YA MACHO. Siku moja alinikuta nakunywa humo, akaninyang'anya kikombe.

“Hii maji haiko ya kunywa, mutoto. Siku asidi itakurukia mu macho, utakimbia mpaka ku kisima?”

Tulimcheka. Pipa tuliliita mke wake wa pili.

Kisha watu wa Kasai wakaanza kufukuzwa mkoani kwetu, wakiambiwa ni wageni. Vijana walipita kwenye nyumba zao wakiimba matusi, na familia nzima zikalala kituoni zikingoja treni. Fundi alikuja maabara mara ya mwisho akiwa amevaa suti ya safari. Alichota maji, akajaza pipa, suti ikalowa mpaka magotini.

“Hata kama munatuchukia,” alisema, “mujaze pipa.”

Nilitazama viatu vyangu. Kituoni sikwenda kumuaga, kwa woga tu.

Wiki haikuisha, mkuu wa maabara akaniita. Nyumbani kwake, nyuma ya chuo, bomba nalo lilikuwa limekauka.

“Ile pipa inafanya nini hapa? Mwenyewe alishaenda. Ulete kwangu.”

Nililiviringisha mpaka uani kwake. Mkewe akanipa maandazi mawili, nikala yote.

Mwezi uliofuata mwenzangu wa meza, binti aliyetushinda sote kwa akili, alikuwa anamimina asidi. Ilichemka ghafla ikamrukia jicho la kushoto. Miwani yote miwili ilikuwa kwa wengine. Nilimshika mkono, tukakimbia uani kwa mkuu, kwenye pipa, yeye akipiga kelele njia nzima. Nilimmwagia maji kikombe baada ya kikombe. Mkuu akatokea mlangoni.

“Muchunge, musimalize maji. Batoto bataoga na nini?”

Namchukia mpaka leo kwa maneno hayo. Lakini kumchukia yeye ni kazi rahisi.

Jicho halikupona. Binti alipotoka hospitali alitaka kumshukuru mama wa nyumba ile kwa maji, maana alilelewa vizuri. Nikamsindikiza. Uani alisimama mbele ya pipa, akasoma yale maandishi mekundu kwa jicho lililobaki.

“Nani alileta hii pipa huku?”

“Ni mi.”

“Ilikuwa na maji?”

“Ilikuwa imejaa. Niliimwaga chini, sababu pipa ilikuwa nzito.”