Mkwe Asiye na Namba

Katika basi la shule alilolisimamia Swafiya, kila mtoto alikuwa na kiti chake, na ole wake aliyekihama. Wale wa darasa la kwanza mbele, wanaotapika dirishani, wachokozi nyuma ya dereva ili wawe karibu na mkono wake. Asubuhi alipowashusha watoto mbele ya lango la shule kule Al Twar, Dubai, alipuliza filimbi aliyojinunulia mwenyewe, na magari yalisimama hata yale yasiyohusika. Swafiya alikuwa mtu wa Kibokoni, Mombasa, mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya pili. Imani yake kubwa, baada ya ile ya dini, ilikuwa kwamba kila binadamu ana mahali pake, na asiyepajua mahali pake ndiye mwanzo wa fujo.

Ndiyo maana mwaka ule wa 2018 alipata tabu sana na suala la Adib.

Adib alikuwa kijana wa Kizanzibari aliyezaliwa huku huku Dubai, mwaka wa mwisho wa masomo ya biashara, na alikuwa akiichezea timu ya mpira wa kikapu ya chuo chake. Shifaa, binti pekee wa Swafiya, alisoma naye. Siku moja Shifaa alimwambia mamake, huku akikunja nguo ambazo zilikwisha kukunjwa, kwamba kuna kijana anataka kuleta wazee.

"Afanya kazi gani?" Swafiya akauliza.

"Bado yuko chuoni, Mama. Lakini ataka kuwa mchezaji wa kulipwa."

"Alete miguu yake kwanza tuione. Wazee watafuata."

Miguu ikaja Ijumaa, baada ya sala, na ilikuwa miguu kweli. Viatu alivyovivua mlangoni vilimfanya Nassor, mumewe Swafiya, asimame na kuvitazama kwa heshima. Nassor alikuwa msimamizi wa ghala moja la mizigo kule Al Qusais, na alijua kukadiria ujazo wa kitu kwa macho.

Adib aliinama kupita mlangoni, akaamkia, akakaa kwenye kochi, na magoti yake yakawa juu kuliko meza. Swafiya akammiminia chai.

"Mwanangu, huko uwanjani wacheza namba ngapi?"

"Zote, Mama," Adib akasema kwa fahari. "Mimi fowadi. Nacheza tatu, nacheza nne, na yule wetu wa tano akiumia huingia mimi."

Swafiya akaweka birika chini. "Kwa hivyo hujui."

"Najua, Mama. Zote."

"Baba Shifaa, ulishapata kusikia mtu acheza zote?"

Nassor, ambaye kwake mchezo ni soka na vingine ni mazoezi ya viungo, akatikisa kichwa. "Namba moja hudaka, namba tisa hufunga. Hata mie nilikuwa beki wa kushoto tu, na sikuwahi kumsumbua wa kulia."

"Mwanangu," Swafiya akasema kwa upole wa kutisha, "mshika mbili moja humponyoka."

Adib akaonyesha viganja vyake. Kila kimoja kilikuwa kipana kama sahani ya pilau. "Mama, kwa mikono hii?"

Shifaa alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Swafiya hakucheka. Alimpa mgeni mahamri, akamhesabia mpaka kumi kimoyomoyo, na baada ya kumsindikiza akashuka moja kwa moja kwa mlinzi wa jengo.

Mlinzi huyo alikuwa Zedekiya, Mganda wa kutoka Jinja, mrefu kama nguzo, ambaye kwa miaka mitatu aliwaambia wapangaji wote kwamba alicheza kikapu Kampala. Swafiya akamweleza habari yote. Zedekiya akavua kofia, akafikiri, akaivaa.

"Mama, pole. Huyo kijana iko twina."

"Iko nini?"

"Twina. Iko wengi hivyo. Ni kitu ya kusumbua sana mafowadi."

Simu ya mlinzi ikalia, mpangaji wa ghorofa ya tano amefungiwa nje, na Zedekiya akaondoka mbio. Swafiya akapanda ngazi taratibu, mkono kifuani. Akamkuta Nassor mbele ya televisheni, akaizima.

"Baba Shifaa. Mtoto ana twina."

"Subhanallah!" Nassor akasema. "Na anavyoonekana mzima! Inatibika?"

"Sijui. Yasemekana yawasumbua sana mafowadi."

"Na Shifaa je? Isije ikawa ya kuambukiza."

Shifaa, aliyekuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi akawaeleza wazazi wake, kwa sauti ya kumwelekeza mzee simu mpya, kwamba twina si ugonjwa. Ni mtu wa katikati. Namba nne hupambana chini ya kikapu na majitu. Namba tatu hukimbia pembeni na kutupa kutoka mbali. Twina ni yule aliye mfupi mno kwa nne na mzito mno kwa tatu.

Swafiya akaketi. "Bora ingekuwa ugonjwa," akasema.

Wiki mbili baadaye Shifaa akaleta habari nyingine. Kocha wa timu moja ya kulipwa angekuja kumtazama Adib akicheza, Ijumaa alasiri, kwenye ukumbi mmoja wa michezo kule Al Quoz, katikati ya magereji na maghala. Akimpenda, atampa mkataba. Swafiya akatangaza kwamba na yeye atakwenda, maana haiwezekani mtu baki amtathmini mkwe kabla ya mama mkwe. Akafunga mahamri kwenye hotipoti, akamchukua Nassor, akamchukua Zedekiya aliyekuwa na ofu, na Shifaa akawafuata nyuma kama mtu anayepelekwa mahakamani.

Mchezo ukaanza, na Swafiya akamkodolea macho Adib kama anavyowakodolea watoto njia panda. Kijana alikuwa kila mahali. Aliruka chini ya kikapu akaupokonya mpira, akaudunda mwenyewe mpaka upande wa pili, akampa mwenzake, mwenzake akakosa, akauwahi tena. Alipojaribu kutupa kutoka mbali, mpira uligonga chuma, ukarudi.

"Umeona?" Zedekiya akasema. "Hiyo si tatu. Tatu lazima ingize hiyo."

"Basi ni nne," akasema Nassor.

"Nne wapi? Tazama yule jitu anamsukuma."

Kweli, wapinzani walikuwa na jitu moja lenye ndevu lililomsukuma Adib kwa makalio, na Adib alisukumika kidogo, akasimama, akasukumika tena, akasimama. Mara jitu lilipopumzishwa kidogo, Adib akapewa kumkaba kijana mmoja mwepesi kama panzi, na panzi naye hakupata pa kupita.

Robo ya tatu ilipoisha, Swafiya alikuwa amesahau kwamba alikuja kutathmini. Alikuwa amesimama. "Mkabe! Mkabe huyo! We mwenye ndevu, hebu mwogope Mungu!" Watu wa safu ya mbele walisogea. Shifaa alijifunika uso kwa mkoba.

Zikabaki sekunde chache. Timu ya Adib ilikuwa nyuma kwa pointi moja. Adib akaupora mpira, akatimka nao peke yake kuelekea kikapu, njia nyeupe kabisa. Nyuma yake yule mwenye ndevu akanyoosha mkono, akaishika jezi.

Kwa miaka sita Swafiya aliona watoto wakivutana mashati mlangoni mwa basi, na kwa miaka sita mkono wake ulijua la kufanya bila kumuuliza. Filimbi ikawa mdomoni. Ikalia.

Uwanja mzima ukasimama. Adib akasimama, mpira mkononi, chini ya kikapu kilichokuwa wazi kama sufuria isiyo na kifuniko. Akamtazama refa. Refa akamtazama refa mwenziwe. Wote wawili wakatazama filimbi zao. Saa haikusimama, ikamaliza sekunde zake, king'ora kikalia, mchezo ukaisha.

Kelele zilizofuata hazisimuliki. Kocha wa chuo alikaa sakafuni. Mlinzi wa ukumbi, naye Mganda, aitwaye Sowedi, akapanda ngazi mpaka kwa Swafiya.

"Mama, tafadhali. Lete hiyo filimbi."

Swafiya akaitumbukiza kifuani, ndani ya buibui. "Njoo uichukue, kama mamako alikulea hivyo."

Sowedi akatazama dari. Zedekiya, kwa Kiganda, akamwambia neno la kumsaidia, na Sowedi akashuka akisema ameshaichukua.

Hasira zilipotulia, Swafiya akakitazama kile kikapu kitupu. Aliona alichokifanya. Kijana wa watu alikuwa na nafasi moja tu ya kuonekana, na yeye ameizima kwa pumzi yake mwenyewe. Akamwona yule kocha aliyekuja kumtazama Adib, mtu mwenye mvi, kompyuta ndogo kwapani, akielekea maegeshoni. Akakimbia, hotipoti mkononi, buibui likipepea, Nassor akihema nyuma yake.

"Sir! Sir! Khalas, ni mimi! Si yeye, ni mimi!"

Kocha Fadi, Mlebanoni, akageuka. Swafiya akamwambia yote kwa Kiingereza cha basi kilichochanganyika na Kiarabu cha sokoni, na kwa kuwa hakujua kuomba radhi mikono mitupu, akafungua hotipoti. Fadi akala hamri moja. Akachukua la pili.

"Mama, mimi sikuja kutazama matokeo," akasema.

"Basi niambie ukweli. Ni tatu au ni nne?"

"Kwa nne ni mfupi. Kwa tatu, mpira wake wa mbali ni mbaya. Mbaya sana."

Machozi yakamlenga Swafiya. "Hana kazi basi."

"Sijasema hivyo. Leo amemkaba nani?"

Swafiya akafikiri. "Kila mtu."

"Yalla, ndiyo hivyo. Jitu amelikaba, mwepesi amemkaba. Mimi nina wafungaji wanane, na hakuna anayetaka kukaba. Huyu nitampa dakika kumi kila mechi na nitalala vizuri. Akijifunza kutupa kutoka pembeni, inshallah, zitakuwa ishirini. Asipojifunza, ni kumi mpaka atakapochoka."

"Dakika kumi," Swafiya akarudia. "Na huo ni mshahara?"

"Si mkubwa. Atafute na kazi ya mchana."

Nassor, ambaye kule ghalani husimama kutwa nzima, akamvuta mkewe mkono. "Muulize kama wanachukua wazee," akanong'ona.

Adib alisaini mwezi uliofuata. Alipata kazi ya mchana ya kuuza bima, na kila jioni alikuwa akitupa mipira kutoka pembeni mpaka ukumbi ufungwe. Swafiya alimwomba msamaha mara moja, kwa ufupi, kisha akamwambia asisimame tena uwanjani kwa sababu ya filimbi ya mtu asiyemjua. Posa ikaja, ikapokelewa, na harusi ikafanywa Mombasa, ambako fundi wa kanzu alipanda juu ya kigoda kumpima bwana harusi mabega.

Msimu wa pili Adib alifikia dakika kumi na sita. Hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipoanza, baina ya Swafiya na Bi Nana, bibi yake Adib, mtu wa Unguja mtaratibu aliyekaa mtaa wa pili, na ambaye sasa alianza kwenda uwanjani na mto wake wa kukalia. Kwa Bi Nana, mjukuu wake alikuwa namba nne tokea utotoni.

"Tatu, Bi Nana," Swafiya akamwambia mbele za watu. "Hukumwona leo? Amefunga mbili kutoka pembeni."

"Bahati hiyo, mwanangu. Mtoto wetu nne. Hata babu yake alikuwa nne."

"Babu yake alikuwa muuza karafuu!"

Wakanuniana. Wiki nzima hawakupigiana simu, Adib na Shifaa wakawa wanapita kwa kunyata katika nyumba zote mbili. Mwishowe Bi Nana akaona haya, akatuma sahani ya bokoboko, samli juu, imefunikwa kwa kawa. Swafiya akala akasifu, akaiosha sahani, na kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu, akapanga juu yake sambusa tatu. Tatu tu, katikati, zimesimama.

Kesho yake asubuhi sahani ikagonga mlango tena, na ndani yake katlesi nne.