Shingo ya Bomba

Fundi mashine yule walimwita Shingo, na si kwamba yake ilikuwa ndefu. Kila boti aliyofunga mashine, bomba la moshi alilipandisha juu kwanza, akalikunja, ndipo akaliteremsha hadi kwenye tundu la nyuma. Mkunjo huo ndio aliouita shingo. Mashine ikizimwa, maji ya nje hutafuta njia ya kurudi ndani kupitia bomba hilo. Yakikuta shingo ndefu hushindwa kuipanda. Yakiikuta fupi, fundi haitwi tena kutengeneza, anaitwa kutoa pole.

Kaka yake mkubwa alizijua pole hizo. Mashine yake ya kwanza ilikunywa maji boti ikiwa imefungwa gatini, na mtu aliyezoea kuvusha abiria akageuka kuwa mbeba mizigo yao. Sasa alikuwa amepata nyingine, kuukuu lakini nzima, na mdogo wake ndiye aliyekuwa akimfungia. Hii nayo ikiharibika, basi tena.

"Shingo yako inanilia nafasi ya benchi la nyuma," alimwambia. "Ishushe kidogo tu, wakae wawili zaidi."

"Siishushi."

"Mdogo wangu, nakuomba kwa upole."

"Na mimi nakukatalia kwa upole, kaka."

Kaka akasema ndiyo maana walimpa jina lile, shingo ngumu kama bomba lake. Wakanuniana hadi mchana. Fundi alikaza klipu zake huku akipiga mluzi, maana hakuna kitu alichokipenda kama kumshinda kaka yake.

Mchana mama yao alileta chakula, akiwa na mke wa kaka na watoto. Wote wakajipakia botini kuijaribu. Mama, ambaye mwili Mungu hakumnyima, akajikalia benchi la nyuma bila kukaribishwa.

Fundi alikuwa amejikunja chini ya benchi hilohilo. Alisikia boti ikididimia nyuma. Akatoa kichwa nje kuitazama alama ya chaki aliyochora usawa wa maji, asiione. Ilikuwa chini ya maji. Aliichora asubuhi, boti ikiwa tupu. Akapima upya kwa mkono. Kutoka maji hadi juu ya shingo alitaka shibiri nzima, akapata vidole vinne. Wimbi la boti inayopita lingetosha kuingia.

"Haya, iache ilivyo," kaka alisema huku akitafuna. "Umenishinda."

Walisikia wote. Fundi aliona uso unamchoma kwa aibu. Angeitikia tu asante, mambo yangeishia hapo.

"Haitoshi, kaka. Nimepima boti tupu. Lazima ipande zaidi, na benchi lote litoke."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayezamisha boti?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Wewe ndiye kipimo nilichosahau."

Kaka alilitazama benchi alilolipiga randa mwenyewe. "Ungenyamaza, nisingejua."

"Ungejua. Mashine ingekwambia."

Kaka alinawa mikono taratibu. Akamwomba mama ainuke, akachukua msumeno, akaanza kukata. Alipofika katikati alisimama.

"Hiyo shibiri unayoitaka ni ya nani, yako au yangu?"

Fundi alivitazama vidole vyake, kisha vya kaka yake.

"Yako," alisema. "Mkono wako ndio mkubwa."